Kupe Nyuma ya Sikio

Fundi saa alikuwa na miaka hamsini na miwili, hajaoa, hajazaa, na maneno aliyatoa kwa kupima. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, na nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha pili alimolala. Watu walimpenda kwa mambo mawili: saa ikitoka mikononi mwake hairudi, na siri ukimpa ni kama umeitupa kisimani.

Siku dada yake alipompigia simu, alikuwa ameshika kwa kibano kigurudumu kidogo kuliko punje ya mtama. Alikidondosha.

"Kaka, wamenilaza," dada alisema. Alikuwa mdogo wake wa pekee, kitinda mimba wa mama yao. "Mimba inataka kutoka kabla ya wakati. Nimeambiwa nisinyanyuke kitandani mpaka nijifungue. Na shemeji yako yuko safarini na lori, harudi kabla ya mwisho wa mwezi."

"Na binti yako?"

"Ndiyo maana nimekupigia."

Fundi alitazama meza yake, vile vidude vyote vidogo vilivyotandazwa juu ya kitambaa cheupe, kila kimoja kikisubiri kupotezwa na kiwiko cha mtoto.

"Mlete," akasema.

Kesho yake jirani wa dada akamleta, na begi la mgongoni na mto wake mwenyewe kwapani. Alikuwa msichana wa miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, na kwao walimwita Chiriku. Haikupita nusu saa Fundi akaelewa kwa nini. Alitaka kujua mbona saa za ukutani hazisikilizani, saa ikifa inazikwa wapi, mjomba hana mke kwa sababu alimpoteza au kwa sababu hajamtafuta vizuri, na zile nywele za masikioni zimeota zenyewe au kuna mtu alizipanda. Fundi alijibu swali moja katika kila matano, na hilo moja alilijibu kwa kichwa.

Si kwamba hakumpenda. Alimpenda tangu siku aliyozaliwa, ila kwa mbali, jinsi mtu anavyopenda chombo cha udongo cha mwenzake: akikiona ukingoni mwa meza, moyo unamruka. Mtoto wa dada ni amana, na Fundi aliishi na amana za watu maisha yake yote. Walipovuka barabara alimshika kifundo cha mkono, si kiganja, kama anavyoshika saa ya mteja.

Kuoga Chiriku aliweza mwenyewe. Nywele zilikuwa kazi ya Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, aliyeuza mitumba barazani kwake na kulea mabinti wawili pacha wa miaka minane. Mama Pacha alikuwa mkarimu wa kila kitu, hasa ushauri. Alimsuka Chiriku mistari saba, akamkabidhi kwa pacha wake, na kuanzia hapo watoto wale watatu wakawa hawaonekani mchana kutwa. Nyuma ya ghala la maziwa kulikuwa na uwanja wa nyasi ndefu ambao hakuna aliyejua ni wa nani, na mbuzi wa watu walilisha humo. Pale ndipo walipojenga nyumba, hospitali, shule na kituo cha polisi, vyote kwa nyasi zilizofungwa mafundo.

Siku ya sita, saa kumi na moja jioni, Chiriku alirudi magoti yamejaa vumbi, akasimama mbele ya meza akijikuna.

"Mjomba, nina mbegu nyuma ya sikio. Naing'oa haitaki."

"Usiing'oe. Njoo."

Fundi alikuwa bado amebana kioo chake cha kukuzia jichoni. Akamgeuza mtoto kuelekea dirishani, akalikunja sikio kwa ncha ya kidole. Alikuwa ameyaona mengi kupitia kioo kile, kutu, vumbi, nyufa zisizoonekana. Lakini vile vilivyo ndani ya saa havijawahi kumpungia miguu. Mbegu ile ilikuwa na miguu minane, kichwa kimezama ndani ya ngozi, tumbo la kijivu limeanza kujaa.

"Ni nini?" Chiriku akauliza.

"Kupe."

"Wa mbuzi?"

"Sasa hivi ni wako."

Lilikuwa jibu refu kwa vipimo vyake, na alilitoa kama utani ili hofu yake isisikike. Mama Pacha alikuwa anapita na ndoo, akasikia, akaweka ndoo chini.

"Kupe? Mwanangu mmoja nilimtoa kupe jana, nilimbinya kwa kucha akapasuka, kichwa kikabaki humo humo. Fundi, usihangaike. Mafuta ya taa tone moja. Au kiberiti: washa, zima, halafu mguse nacho kingali moto. Anatoka mwenyewe anakimbia."

Chiriku aliposikia kiberiti, alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Kisha akainama, akaingia uvunguni mwa benchi la wateja, akajikunja kule mwisho ukutani, viganja vimefunika masikio. Hakulia. Hakuuliza kitu. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe, saa zote za duka lile zikasikika.

"Watoto," Mama Pacha alisema kwa huruma. "Mshike tu, mimi nitamgusa."

"Hapana," Fundi akasema. "Hatutatumia moto."

Mama Pacha alimtazama kwa mshangao, maana hajawahi kumsikia akikataa jambo. Fundi alijikuta ameweka mkono shingoni, chini ya taya, penye kovu dogo la mviringo. Alikuwa na umri wa miaka minane, na binamu yake mkubwa alikuwa na kiberiti kama hicho na nia njema kama hiyo. Kupe alitoka, kweli, na ngozi ikatoka naye. Alichokikumbuka zaidi si maumivu. Ni ile mikono ya watu watatu waliomshikilia huku wakimwambia kwamba hakuna kitu.

Angempigia nani? Dada alikuwa amelazwa, na mtu aliyekatazwa kunyanyuka kitandani hapelekewi habari ya kumnyanyua. Zahanati ilikuwa inafunga saa kumi. Macho yake yakatua kwenye rafu ya saa zilizokwisha, na kwenye mojawapo, saa ndogo ya kubandika kifuani, kulikuwa na kikaratasi chenye namba ya simu. Ilikuwa ya nesi wa zahanati hiyo hiyo.

Nesi alipokea haraka. "Fundi, saa yangu imepona?"

"Imepona. Lakini sikupigii kwa ajili yake." Akamweleza.

"Umeshampaka chochote?"

"Bado."

"Vizuri, na usimpake. Si mafuta ya taa, si mafuta ya nywele, si tumbaku, na moto ndiyo kabisa usithubutu. Ukimkera kupe kabla hajatoka, anatapika mle mle ndani ya mtoto, na hayo matapishi ndiyo yanayoleta ugonjwa. Una kibano chenye ncha nyembamba?"

Fundi alitazama meza yake. Alikuwa na vibano kumi na kimoja.

"Kitapatikana," akasema.

"Kisafishe kwa spiriti. Mshike kupe chini kabisa, pale mdomo unapoingia kwenye ngozi. Usimbane tumbo. Halafu vuta kwenda juu, moja kwa moja, polepole, bila kuachia. Usimzungushe wala usimnyakue. Ngozi itainuka kidogo, usiogope, we shikilia hivyo hivyo. Atachoka yeye kabla yako."

"Na kichwa kikibaki?"

"Kikibaki na hakitoki kirahisi, kiache. Usimchimbe mtoto kama muhogo, ngozi itakisukuma yenyewe. Ukimaliza, sabuni na maji, hapo pahali na mikono yako. Kupe usimpasue, mtie kwenye kichupa, uandike tarehe. Na Fundi, mmoja akionekana wako wengine. Mkagueni mwili mzima: kichwani, kwapani, kitovuni, kiunoni, nyuma ya magoti, mapajani. Muda wa wiki mbili tatu mbele, akipata homa au vipele, usikae naye nyumbani."

Fundi aliandika yote nyuma ya bahasha.

"Mbona unahema?" nesi akauliza. "Mkono uliotengeneza saa yangu hauwezi kushindwa na kupe."

Fundi aliutazama mkono huo. Ulikuwa unatetemeka.

Alichagua kibano, akakifuta kwa spiriti, akaandaa pamba, sabuni na kichupa kilichokuwa na skrubu. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Pacha alilisimulia mtaani mwezi mzima: akalala chini, sakafuni, na shati lake safi, akageuza uso kutazama uvunguni.

"Chiriku."

Mtoto akazidi kujibana ukutani, macho amefumba.

"Hakuna kiberiti. Hakuna mafuta ya taa. Hakuna mtu wa kukushika."

Jicho moja likafunguka.

"Mimi niliwahi kuchomwa," Fundi akaendelea, na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake. "Hapa shingoni. Nilikuwa mdogo kama wewe. Niliona aibu kusema kwamba niliogopa, basi nikasema sikuogopa. Mama yako mpaka leo anadhani ni pembe ya mbuzi."

"Ulilia?"

"Siku mbili. Kwa kujificha."

Chiriku aliipima habari hiyo. "Hicho ulichoshika kinauma?"

"Sijui. Jaribu kwangu kwanza."

Akamsukumia kibano na kukunja mkono wa shati. Mkono mdogo ukatoka uvunguni, kisha kichwa. Chiriku alichagua unywele mmoja wa mkono wa mjomba wake, akaubana, akauvuta kwa nguvu zake zote. Fundi akauma meno.

"Umeumia?"

"Kidogo. Wewe umenyakua. Mimi sitanyakua, mimi nitavuta polepole. Jaribu tena, polepole."

Alijaribu mara nne. Mama Pacha mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa leso yake, mabega yanacheka. Unywele wa nne ulipotoka, Fundi aliinuka akaketi, na Chiriku akajivuta mzima kutoka uvunguni, akaketi sakafuni akimpa mjomba mgongo, akaegemeza kichwa chake kwenye goti lake. Hakuambiwa. Alichagua mwenyewe pa kukiweka.

Fundi alihisi joto na uzito wa kichwa kile, kizito kuliko alivyodhani kichwa cha mtoto kinaweza kuwa, na mkono wake ukatulia. Hakujua ulitulia kwa nini. Pengine ulikuwa umepata pa kuegemea.

"Nikikwambia acha, utaacha?"

"Nitaacha."

Alikifuta kibano tena kwa spiriti, akabana kioo jichoni, akaishusha ncha ya kibano mpaka ikagusa ngozi, akamshika kupe shingoni. Akavuta. Ngozi ikainuka kama kihema. Akashikilia. Nje pikipiki ilipita, mbwa akabweka, mtu akamwita mtu, naye alikuwa bado ameshikilia. Kisha ule uzito mwembamba ukaachia, na kupe akabaki hewani akipiga makasia kwa miguu yake yote, kichwa kikiwa mahali pake.

"Umeshaanza?" Chiriku akauliza.

"Nimeshamaliza."

Aligeuka haraka. "Nimwone." Fundi akamvika kioo chake jichoni, na kwa dakika nzima Chiriku alimtazama kupe ndani ya kichupa, akatoa hukumu kwamba ana sura ya mwalimu wao wa hesabu. Maswali yakarudi kwa mpigo, kama maji bomba likizibuka. Fundi alijibu yote aliyoweza. Alimwosha nyuma ya sikio kwa sabuni, akapitisha pamba yenye spiriti, na kwenye kikaratasi cha kichupa akaandika tarehe kwa mwandiko ule ule wa saa za wateja.

Mama Pacha alimchukua Chiriku nyumbani kwake akamkague mwili mzima pamoja na mabinti zake. Baada ya robo saa alirudi na watoto wote watatu wamefungwa mataulo. "Fundi, wa kwako ana mwingine kiunoni. Na wangu mmoja anaye nyuma ya goti. Mimi kucha zangu nimezistaafisha, fanya wewe." Akakaa karibu, akaangalia kwa makini jinsi kibano kinavyoshikwa, na wa mwisho akamtoa yeye mwenyewe, ulimi nje kama anayetunga uzi kwenye sindano.

Kuanzia hapo kila jioni ilikuwa na kawaida yake. Watoto waliruhusiwa uwanjani, lakini waliingia na soksi ndefu, suruali imechomekwa ndani yake, na hakuna aliyepata chakula kabla ya kukaguliwa. Nguo za kuchezea ziliachwa nje juani. Fundi alijifunza kupapasa kichwa cha mtoto kwa ncha za vidole, mstari kwa mstari, huku Chiriku akimsimulia yote yaliyotokea katika hospitali ya nyasi, nani alikufa, nani alifufuka kwa sababu zamu yake ya kuwa daktari ilifika.

Siku ya nane tangu kupe atoke, Chiriku aliamka asubuhi akakaa ukingoni mwa kitanda, hakuuliza chochote.

Fundi alimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Lilikuwa moto.

"Kichwa kinauma, mama?" akamwuliza. Hakuwahi kumwita hivyo. Neno lilitoka lenyewe.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Nyuma ya sikio, pale pale, palikuwa na kidonda kidogo cheusi, kama ngozi iliyoungua.

Hakungoja chai. Alitia kichupa mfukoni, akamwita Mama Pacha amfunge mtoto mgongoni kwa shuka, maana pikipiki zilikuwa hazijaanza kupita. Mama Pacha alikaza fundo kifuani pa Fundi bila utani wowote, na hilo lilimtisha zaidi. Njiani, mshona viatu wa kona, aliyemjua Fundi kwa miaka ishirini, aliinua kichwa.

"Fundi, umejifungua lini?"

"Leo asubuhi," Fundi akajibu bila kupunguza mwendo.

Zahanati walimpima malaria, hakuna. Nesi alilifunua sikio, akakitazama kidonda, akakisoma kichupa. Akaenda navyo kwa daktari, kijana mwenye miwani, naye akaja akamkagua mtoto viganja na nyayo.

"Homa ya kupe," daktari akasema. "Wengi tunaanza kuwatafutia malaria, halafu tumbo, halafu malaria tena. Wewe umetuletea tarehe na mdudu mwenyewe." Akaandika dawa ya siku saba. Alitaka mtoto abaki mpaka alasiri, waone homa inavyokwenda.

Chiriku alilala kwenye benchi ndefu, kichwa mapajani kwa mjomba, mkono wake umeshika kidole gumba cha mjomba kama mpini. Fundi alikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi. Ilipofika saa sita, kwa mkono uliobaki huru, alimpigia dada yake. Alikuwa amelipanga neno la kwanza tangu asubuhi, na lilipofika mdomoni likageuka lingine.

"Nisamehe," akasema. "Uliniachia mtoto mzima."

Alimweleza yote, uwanja, mbuzi, nyasi, kupe wawili, homa. Akasikia dada akivuta pumzi.

"Amekula?"

"Uji, nusu kikombe."

"Anaongea?"

"Ameuliza kama dawa hii imetengenezwa kwa kupe."

Dada yake akacheka, kicheko chembamba chenye machozi ndani yake. "Basi mzima huyo. Kaka, nisikilize. Mimi nyumbani kwangu kuna nyasi mpaka mlangoni. Tangu tumbo linielemee sijamkagua mwanangu hata siku moja, sikuweza kuinama. Angepata huku nisingejua mpaka amezidiwa. Usiniombe radhi."

"Ni amana yako."

"Ni mwanao pia. Ulikuwa unangoja nani akuruhusu?"

Fundi alikohoa.

Homa ilishuka siku ya tatu. Siku ya nne Chiriku aliomba mayai, siku ya tano akagombana na pacha wote wawili kwa wakati mmoja, na Mama Pacha akatangaza kwamba mgonjwa amepona rasmi. Dawa alimaliza siku zote saba, ingawa kila kidonge kilihitaji mazungumzo marefu.

Mwisho wa mwezi shemeji dereva alirudi, na siku mbili baadaye dada akajifungua mtoto wa kiume, mdogo lakini mwenye sauti. Fundi alifunga duka akampeleka Chiriku mwenyewe hospitali. Barabarani walishikana viganja.

Wodini dada yake alikuwa ameketi, amekonda, macho makubwa. Chiriku alipanda kitandani akaanza kumsimulia mama yake mwezi mzima bila nukta, na shemeji akacheka mpaka nesi wa wodi akawaonya. Fundi alisimama pembeni ya mlango kama ilivyo kawaida yake, kofia mkononi.

"Kaka, njoo umpokee," dada akasema, akiinua kifurushi.

"Nitamwangusha."

"Hutamwangusha."

Alikuja. Akakaa kwenye kiti, akakunja mikono jinsi alivyoelekezwa, na mtoto akawekwa humo, uso umekunjamana kwa hasira za kuzaliwa. Chiriku alitambaa mpaka ukingoni mwa kitanda, akaweka kidevu chake begani kwa mjomba.

"Mwambie kitu," akamnong'oneza. "Yeye hajui kwamba wewe huwa huongei."

Fundi aliinamisha kichwa akafikiri. Kisha akaanza kumweleza mtoto mchanga, taratibu, jina la mtaa anakokaa, rangi ya mlango wa duka lake, na basi gani ashuke nalo akitaka kuja.